Kikombe Kimevunjika, Mtu Ameokoka

Mtoto akivunja kikombe jikoni hasemi "nimevunja kikombe". Anasema "kikombe kimevunjika". Sote tulikizungumza Kiswahili hicho kabla mwalimu hajatuambia kwamba kinaitwa kauli ya kutendeka, na sote tulijua kinavyofanya kazi. Kitendo kipo, vigae viko sakafuni, mtendaji hayupo. Mama akiuliza "nani kakivunja?" anauliza jambo ambalo sentensi yenyewe imekataa kulibeba.

Sasa chukua neno ambalo kila aliyekulia kanisani Mombasa amelisikia mpaka limemwishia ladha: nimeokoka. Si nimeokolewa, wala si nimejiokoa. Kisarufi ni ndugu yake kimevunjika. Jaribu kusema "nimeokoka na Yesu" ukimaanisha kwamba Yesu ndiye aliyetenda, uone. Utasikika kama mtu anayesema walizama baharini wawili, yeye na Yesu, wakaokoka pamoja. Kitenzi hiki hakina kiti cha mtendaji. Na hicho kiti kitupu ndicho Wakristo wamekigombania kwa miaka kama 1,600: mtu akiokoka, ni Mungu aliyeamua au ni yeye?

Kwenye kikundi chetu cha vijana mjadala huu huzuka kila baada ya miezi michache, kwa kawaida usiku, kwa kawaida baada ya mtu kutazama mahubiri marefu YouTube. Upande mmoja ni wale tunaowatania "Wakalvini". Wamemsikiliza John Piper, wamemsikiliza Conrad Mbewe wa Lusaka, na hoja yao inakwenda hivi: mwanadamu ni maiti kiroho, na maiti hajiamshi. Kama umeamini, ni kwa sababu Mungu alikuchagua kabla hujazaliwa, kabla hata ulimwengu haujaumbwa. Upande wa pili wanajibu: kwani mhubiri anapotuita mbele tuinue mikono, anaigiza? Kama majina yalishaandikwa, ile kwaya inayoimba polepole mpaka mtu wa mwisho anyanyuke inafanya kazi gani? Wa kwanza wanarusha Warumi 9 na Waefeso 1. Wa pili wanarudisha 1 Timotheo 2, pale Paulo anaposema Mungu anataka watu wote waokolewe. Halafu kuna Wafilipi 2, ambako Paulo anawaambia watu wautimize wokovu wao wenyewe, na mstari unaofuata anawaambia ni Mungu anayetenda kazi ndani yao. Kila upande hunukuu nusu yake, usiku unakwisha, asubuhi mtu anatuma picha ya maua na "Asubuhi njema wapendwa".

Sidharau mabishano hayo. Ila kuna mahali hapa kisiwani ambako swali hili liliwahi kuulizwa watu wakiwa wameshikiwa silaha, na tunapita hapo kila wikendi kupiga picha.

Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad wa Mombasa, aliyekuwa amekosana na kapteni Mreno, alikimbilia bara upande wa Rabai akauawa huko, na waliomuua walikuwa wamelipwa na Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe mdogo, Yusuf, mtoto wa miaka kama saba, naye alipelekwa Goa. Huko alilelewa na watawa Waagustino, akabatizwa jina la Jerónimo, akafunzwa vita vya baharini, akaoa kwa ndoa ya kanisani, akapewa heshima za Kireno. Miaka ya 1620 alirudishwa Mombasa awe mfalme: mfalme wa kwanza Mkristo wa mji huu, Dom Jerónimo Chingulia.

Kisha watu wakaanza kusema kwamba usiku anakwenda kwenye kaburi la baba yake na anaswali pale kwa namna ya Kiislamu. Kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, akapata habari. Kesi ya namna hiyo ilikuwa ya kupelekwa Goa, na Goa kulikuwa na mahakama ya kanisa iliyojulikana kwa ukali wake. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni kwa mkono wake, akatangaza kwamba yeye ni Mwislamu na jina lake ni Yusuf bin Hasan. Wakristo wa mji, Wareno kwa Waafrika, wakapewa mambo mawili wachague: kusilimu au kufa. Wengi walikataa na wakauawa, zaidi ya mia moja. Kati ya waliokataa, ushahidi unamtaja binamu yake mwenyewe, António wa Malindi. Wengine walikubali.

Baadaye kule Goa yakakusanywa maelezo ya walionusurika, ili waliouawa watangazwe mashahidi wa imani. Yusuf mwenyewe aliuacha mji 1632 na kuishi baharini kama haramia mpaka akafa 1638, upande wa Bahari ya Shamu. Karibu yote tunayoyajua yaliandikwa na upande uliofiwa, kwa hiyo lililokuwa moyoni mwa Yusuf tunalisikia kupitia midomo ya watu waliomwogopa.

Ukitaka kuyapima mafundisho ya wokovu, mpitishe mtu huyu katikati yake. Mkalvini atasema: hakuwa ameokoka hata siku moja. Wateule hudumu mpaka mwisho. Asiyedumu hakuwa mteule. Ulikuwa ubatizo wa maji tu. Wa hiari atasema: alikuwa ameokoka, akaanguka kwa kuchagua mwenyewe. Mwislamu wa Mji wa Kale atasema hakuna alikoangukia, alirudi nyumbani alikoibwa akiwa mtoto. Sioni hata mmoja kati ya hawa watatu aliyehitaji kumjua Yusuf ili atoe jibu lake. Jibu lilikuwepo kabla yake.

Kinachonishangaza ni kwamba Ulaya, miaka ileile, ilikuwa imewaka moto kwa swali hilihili. Luis de Molina, Mjesuti aliyefundisha Évora huko Ureno, alichapisha kitabu chake Lisbon mwaka 1588, miaka mitano kabla ya jiwe la kwanza la Fort Jesus. Alisema Mungu anajua kila kiumbe kingechagua nini katika kila hali ambayo kingewekwa, na kwa ujuzi huo anaupanga ulimwengu bila kuivunja hiari ya mtu. Wadominiko wakiongozwa na Domingo Báñez wakamjia juu: hiyo ni kumfanya Mungu asubiri ruhusa ya mwanadamu. Wakabishana mbele ya mapapa kwa karibu miaka kumi, hadi 1607 Papa Paulo wa Tano alipowaambia kila mtu aende kwao na pasiwe wa kumwita mwenzake mzushi. Uamuzi utatoka wakati ufaao. Haujatoka mpaka leo. Yusuf alizaliwa karibu na mwaka huo. Na alipokuwa kijana mdogo Goa, Waprotestanti wa Uholanzi walikutana Dordrecht, 1618 na 1619, wakawahukumu wafuasi wa Arminius na kutamka kwamba mteule hawezi kupotea kabisa. (Hao wafuasi wa Arminius, miaka michache nyuma, waliandika kwamba suala la kama mwamini wa kweli anaweza kuanguka moja kwa moja wanahitaji kulichunguza zaidi kwanza. Nawapenda kwa sentensi hiyo kuliko kwa yote mengine waliyosema.)

Nikifikiria swali la Molina kwa Yusuf, nywele zinanisimama. Mungu anajua Yusuf angechagua nini kama baba yake asingeuawa? Kama asingechukuliwa? Kama watawa wangekuja Mombasa mikono mitupu, bila ngome? Molina angesema ndiyo, anajua. Sawa. Lakini basi Mungu huyo, akijua yote hayo, kamweka mtoto wa miaka saba katika mji uleule kilikopelekwa kichwa cha baba yake, afundishwe huko habari za upendo wa Baba. Wakalvini wana tatizo hilohilo, tena zito zaidi. Na wa hiari wasicheke, maana lao liko palepale: hiari ya mtoto wa miaka saba ndani ya meli ni hiari ya namna gani? Alikubali ubatizo. Angekataa vipi?

Waliomlea walikuwa Waagustino, na Augustino ndiye mwenye mjadala huu. Alikuwa Mwafrika, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba kule Algeria. Yeye ndiye aliyembana Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu akiamua kweli anaweza kutenda mema. Augustino akasema hapana, hata kule kutaka kwako ni zawadi. Mwishoni mwa maisha yake, karibu 429, akaandika kitabu kizima juu ya zawadi ya kudumu hadi mwisho, na ndani yake mna jambo ambalo Wakalvini wa kikundi chetu hulipita haraka: kwamba maadamu mtu yu hai, hakuna awezaye kujua kwa hakika kama amepewa zawadi hiyo. Wala kwa nafsi yake, sembuse kwa jirani.

Lakini Augustino huyohuyo ndiye aliyebadili msimamo juu ya kulazimisha. Mwanzoni alipinga Wadonato kurudishwa kanisani kwa nguvu ya dola. Baadaye akakubali, akajitetea kwa ule mfano wa Luka 14, bwana wa karamu anapomwambia mtumwa aende barabarani awashurutishe watu kuingia. Aliona shuruti inafaa, kwa sababu walioshurutishwa wengine walikuja kushukuru baadaye. Hapo ndipo mimi na mzee wa Hippo tunapoachana njia. Ukishasema kutaka kwenyewe hutoka kwa Mungu peke yake, unapata wapi uso wa kumshika mtu shingo umsaidie kutaka? Anayeamini kweli kwamba Mungu ndiye anayeokoa angekuwa mtu wa mwisho kuhitaji askari, au jahazi la kupeleka watoto Goa. Anayelazimisha amekwisha kukiri kwamba Mungu peke yake hamtoshi. Na hilo namwambia pia Yusuf na upanga wake, ingawa dini aliyoitangaza siku ile inafundisha wazi kwamba hakuna kulazimishana katika dini.

Kuna watu wa siku ile ninaowafikiria kuliko mashahidi. Ni wale waliokubali. Mahubiri hayawataji, hakuna kesi iliyofunguliwa Goa kwa ajili yao, na mjadala wote huu unawahusu wao hasa. Ukisema waliokataa kusilimu walishikiliwa na neema, lazima useme kitu juu ya wale ambao hawakushikiliwa. Neema iliishia wapi? Ilichagua mlango huu ikaruka ule? Na ukisema hapana, wote walipewa neema sawa, tofauti ilikuwa ujasiri wao, basi umemfanya shahidi kuwa shujaa wa mazoezi, na yule mama aliyetamka shahada ili asiuawe mbele ya mwanawe umemfanya mzembe. Sijui ni lipi baya zaidi. Uislamu una njia hapa ambayo naionea wivu: Qurani inamtoa hatiani aliyelazimishwa kukana kwa ulimi huku moyo wake umetulia katika imani. Wakristo wa kale waliligombania jambo hili karne nzima, ugomvi wenyewe wa Wadonato ulianzia kwa mapadri waliosalimisha vitabu vitakatifu wakati wa mateso, na jibu la kanisa, baada ya kelele nyingi, lilikuwa kwamba aliyeanguka anaweza kupokelewa. Petro mwenyewe alikana mara tatu, tena kando ya moto wa kuota, hakuna aliyemshikia panga.

Nimesema Uislamu, na huwezi kuandika juu ya hiari na enzi ya Mungu hapa Mombasa ukajifanya ni mambo ya kanisani tu. Tembea Ndia Kuu hadi Kibokoni jioni, keti barazani kunakokubalika uketi, utasikia majaliwa, kadari, kudra, ajali katika maongezi ya bei ya samaki. Waislamu walibishana hili mapema sana. Walikuwapo Kadaria waliosema mtu huumba matendo yake, na Jabria waliosema mtu ni unyoya upeponi. Al-Ash'ari, ambaye shule yake ndiyo iliyozoeleka kwa Mashafii wa pwani yetu, alitafuta katikati: Mungu huliumba tendo, mtu hulichuma, likawa lake. Ukimsomea Mkalvini maneno hayo bila kumtajia jina la aliyeyasema, atasema amina.

Wala si ajabu tukielewana. Krapf alipofika Mombasa 1844 na kuanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Neema, toba, imani, dhambi, rehema: maneno yote tunayotumia kubishana na Waislamu tumeyaazima kwao. Wokovu ndilo letu la Kibantu, nalo ndilo lenye kile kiti kitupu.

Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, amesilimu. Ilikuwa ni ndoa. Alimpenda msichana wa Kibokoni, watu wa kwao wakaweka sharti linalojulikana, akaenda msikitini, akabadilisha jina. Si habari ya ajabu. Mombasa kila ukoo una mmoja, na upande wa pili nao wana wao wasiotajwa. Kijana huyu alikuwa anapiga kinanda kanisani tangu ana miaka kumi na minne. Ndiye aliyenifundisha kusoma noti.

Nilichokigundua katika wiki zile ni kwamba hakukuwa na mtu aliyemtaja yeye kama mtendaji. Ukweni walisema: Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu amemuongoa. Kanisani walisema: shetani ametunyang'anya. Wajomba walisema: ni yule msichana. Kiongozi mmoja wa vijana, ambaye simtaji, alisimama Jumapili akasema huyu hakuwa wetu tangu mwanzo, akamtumia Yohana kama nyundo. Mambo yote yale yalimtokea, kwa kauli ya kutendeka, kama kikombe. Mwenyewe nilipomtembelea alicheka akaniambia: "Mimi ndiye niliyeamua. Mbona hakuna anayeniuliza?"

Nikamuuliza. Jibu lake ni lake, silileti hapa. Nitasema tu halikuwa jibu la mtu aliyedanganywa, na halikuwa jibu ambalo kikundi cha vijana kingelifurahia.

Na bado nitakwambia ninakoegemea, maana mwandishi wa insha anayejificha katikati anachosha. Naegemea kwa wale wa enzi kuu. Siwezi kuamini kwamba mwisho wa mtu unategemea ukakamavu wa hiari yake, kwa sababu nimeiona hiari. Hiari yangu mwenyewe inashindwa na usingizi. Inaamuliwa na kodi ya nyumba, na mtaa niliozaliwa, na nani aliniambia "umependeza" siku nilipokuwa na huzuni. Kama wokovu umening'inia kwenye uzi huo, tumekwisha. Ila fundisho la uteule, nikilisoma vizuri, lilitolewa lisemwe kwa nafsi ya kwanza: nilipendwa kabla sijastahili. Ukilihamishia nafsi ya tatu, yule hakuchaguliwa, linageuka sumu palepale. Waanglikana walilijua hili zamani. Ile Ibara ya 17 katika zile ibara zao 39, za mwaka 1571, inasema fundisho hili ni faraja tamu kwa wacha Mungu na ni hatari kwa wadadisi wanaotaka kuchungulia hukumu. Kanisa kuu lao pale Nkrumah Road, lile la 1905 lenye kuba mtu akaweza kulidhani msikiti, limerithi ibara hiyo. Sijawahi kusikia ikihubiriwa.

Mwenzangu wa upande wa hiari huniuliza: sasa hiyo si kumfanya mtu kikaragosi? Namjibu kwa habari ya Rabai. Mwaka 1888 matajiri wa Mombasa wenye watumwa walikuwa wamekasirika: watumwa wao wanatoroka na kujificha kwenye vituo vya misheni, Rabai hasa. Wamisionari hawakutakiwa kuwapokea watoro, lakini walikuwepo, kwa mamia, wamejenga, wanalima. George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa aliona vita vinanukia, akaamua kuwalipa wenye watumwa fidia. Mwanzoni mwa Januari 1889 watu karibu 1,400 walipewa vyeti vya uhuru pale Rabai.

Nani aliwaweka huru? Ukisema Mackenzie, umewatukana watu waliovuka mito usiku na watoto mgongoni. Bila miguu yao kusingekuwa na mtu wa kulipiwa. Ukisema walijikomboa wenyewe, umesahau kwamba mtoro bila cheti alikuwa mali ya mtu, na angeweza kukamatwa siku yoyote sokoni. Fidia ililipwa na mwingine, kwa fedha ambazo wao wasingezipata maisha yao yote. Walikimbia na walilipiwa. Simfananishi Mackenzie na Mungu, jamani, alikuwa mtu wa kampuni na alikuwa na hesabu zake. Nasema tu kwamba watu wale wangelicheka swali letu la "ama hiki ama kile".

Mfano huu haufiki mbali, najua. Mackenzie hakuwa ameziumba zile nyayo. Mkalvini atanikumbusha kwamba Mungu anatuhumiwa kuumba hata kule kukimbia, na hapo sina Rabai ya kumjibu. Zaidi ya hapo, wako watumwa waliobaki mashambani Takaungu na Malindi, ambao hawakukimbia na hakuna aliyewalipia. Tumerudi kwa wale waliokubali ngomeni. Kila mfano wa neema ninaoujua una watu waliobaki nyuma yake, na mhubiri anayeniambia amewapatia maelezo yao namwogopa kidogo.

Mama mdogo hajasoma Molina. Aliniita jikoni, kwa sababu mimi ndiye "wa vitabu", akafunga mlango. "Mwanangu, niambie bila kunionea huruma. Alikuwa ameokoka, au nilikuwa najidanganya miaka yote ile?"

Nilimwambia lile la Augustino, kwamba hakuna ajuaye, wala juu ya nafsi yake. Hakulipenda. Nikamwambia kwamba kama Mungu ndiye aliyemshika, basi hakumshika kwa sababu ya kinanda, na hatamwachilia kwa sababu ya jina jipya. Hilo alilitafuna kidogo. Akasema: "Lakini kama Mungu ndiye anayeshika, mimi naomba nini kila Jumatano?" Nikamjibu kwamba asiyeamini Mungu anaweza kugeuza moyo wa mtu ndiye asiye na sababu ya kuomba; wale wa hiari tupu wangepaswa kumpigia simu kijana mwenyewe na kumwachia Mungu mambo ya mvua. Akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo.

"Na yeye nimpigie?" akauliza.

"Mama mdogo, mpigie kila siku."

Kikundi chao cha maombi cha akina mama kina daftari la karatasi zenye mistari, na ndani yake vichwa vya habari vimepigiwa rula: Wagonjwa, Wafiwa, Wasafiri, Waliorudi Nyuma. Jina la ndugu yangu lilikuwa limeandikwa chini ya kile cha mwisho, kwa mwandiko wa katibu. Jumatano iliyofuata mama mdogo aliomba kalamu. Katibu akamwambia daftari si la kuchezea, na kwamba mambo ya kiroho lazima yaitwe kwa majina yake. Mama mdogo akasema sawa, lakini mwenye mtoto ni yeye. Wakabishana, kwa heshima, chai ikapoa. Mwishowe alilikata jina pale kwa mstari mmoja, akaliandika upya chini ya Wasafiri, baina ya binti wa mtu anayefanya kazi Doha na mzee aliyekwenda Voi kuona shamba.